Pumzi Nne Kabla ya Kukata

Fundi alikubali upesi mno. Alikubali kwa hasira, na mtu wa hasira hapimi anachokubali.

Ilikuwa Alhamisi mchana. Mwanawe mkubwa alifika karakana bila kupiga hodi. Akamkuta baba yake ameinama juu ya meza ya kukatia vioo, ile iliyotandikwa blanketi kuukuu. Mkono mmoja umeshika kikatio. Mwingine umefungwa kitambaa, na kitambaa kina doa.

"Hamsini na sita kwa thelathini na nane," fundi alisema kwa sauti.

Kisha kimya. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Fundi hakukata. Alisimama vilevile, kichwa kimeelekea upande wa dirisha, kama anayengoja kujibiwa. Ndipo akaburuta kikatio, kioo kikalia kama karatasi inayochanwa taratibu, akakivunja ukingoni mwa meza. Kilivunjika sawasawa.

"Baba, unaongea na nani?"

"Na kioo."

"Na huo mkono?"

"Nilikuwa nafagia. Kipande kimenichoma."

Mwana alikuwa muuguzi. Alishafunga viganja vingi. Alikitazama kile kitambaa, akamtazama baba. Akazunguka chumba. Karakana ilikuwa na mlango mmoja, dirisha moja, meza moja, na nyuma kabisa vioo vikubwa viwili vimeegemezwa ukutani, kila kimoja kama mlango wa mtu mrefu.

"Una miaka sabini na moja," alisema. "Mama hayupo. Uko hapa peke yako na hivi vitu, unaongea na hewa. Jumamosi nakuja kuchukua ufunguo."

"Chukua mguu wangu kwanza."

"Baba, mimi ndiye nitakayekuja kukuokota sakafuni."

"Hujaniokota bado. Kama huniamini, muulize yule binti wa chuo. Anakaa pale kwenye kigoda siku tatu kila wiki, anaandika kila ninachofanya. Hata nikikohoa anaandika."

Mwana akafikiri kidogo.

"Sawa. Jumamosi saa tisa asome mbele yangu. Kama hamna la kunitisha, ufunguo baki nao, na mimi sitasema tena. Kama lipo, unanikabidhi bila maneno."

"Sawa!"

Mwana akaondoka. Fundi akaketi kwenye kigoda. Sasa ndipo alipokumbuka mle daftarini mna nini.

*

Yule binti alikuja wiki tano nyuma. Alikuwa mwaka wa kwanza. Alisimama mlangoni na begi lake, akaamkia vizuri, akasema anasoma anthropolojia ya utamaduni.

"Ni ugonjwa?" fundi aliuliza.

"Ni somo, babu. Tunajifunza jinsi watu wanavyoishi. Mwalimu ametuambia kila mmoja atafute watu ambao hajui maisha yao, akae nao, aangalie. Asiulize tu wanasema nini. Aangalie wanafanya nini. Halafu aandike."

"Kwa hiyo unasomea umbea."

Binti akacheka mpaka begi likamshuka begani. "Umbea wa vyeti, babu."

"Na umbea huo una masharti?"

Alimtajia. Kwanza kuomba ruhusa. Pili, asipime maisha ya mtu kwa kipimo cha kwao nyumbani. Kitu kinachoonekana cha ajabu kwake, kwa mwenyewe kina maana yake. Tatu, asiandike kitakachomdhuru aliyemkaribisha. Nne, akikosea kuandika asifute. Kosa libaki, ukweli uandikwe pembeni.

Fundi aliyapenda masharti hayo. Kwenye kioo pia hakuna kufuta. Akampa kigoda.

Shule yeye hakwenda. Namba anazijua, za kwenye futi, maana hizo zilimfundisha zenyewe. Herufi hazijui. Binti alipokuwa akiandika, fundi aliona mkono tu unatembea. Mwanzoni ulimkera. Baadaye akauzoea. Ulikuwa na mlio wake mdogo wa kalamu chumbani, na chumba kile kilikuwa hakina mlio tangu miezi kumi iliyopita.

Kwa miaka thelathini na moja fundi hakuwahi kukata kioo peke yake. Alikuwa na mkewe. Wateja walidhani yule mama anauza puti ya kubandikia vioo na kufuta vumbi. Kazi yake hasa ilikuwa hii: fundi akishapima, anataja kipimo kwa sauti. Mke, kule kwenye fremu, anapima naye kwa futi yake mwenyewe, bila kuangalia ya mumewe. Kisha anajibu. Akijibu namba ileile, fundi anakata. Akijibu nyingine, wanapima upya wote wawili na kutaniana nani macho yake yamekwisha.

Mke akafariki. Fundi akarudi kazini siku ya arobaini. Akapima kioo cha kwanza, akataja namba. Akangoja. Mkono ulikataa kwenda kabla ya kungoja. Tangu siku hiyo hutaja, hungoja kiasi cha pumzi nne, ndipo hukata. Hakumwambia mtu.

Wiki ya pili binti aliuliza, "Babu, huku kutaja namba na kunyamaza, ni desturi ya mafundi vioo wote?"

Fundi alikuwa anachonga kabari. Hakuinua macho.

"Wote," alisema. "Ndivyo tulivyofundishwa."

Mkono wa binti ukatembea.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Wa pili ulikuwa wa kitambaa. Na la tatu halikuwa uongo, lilikuwa jambo ambalo binti aliliona kwa macho yake, na fundi alikuwa na hakika kwamba mwanawe akilisikia, mazungumzo yatakuwa yamekwisha.

*

Jumamosi binti alifika saa nane. Fundi alishafagia mara mbili.

"Binti, hilo daftari lako. Mtu anaweza kuruka kurasa?"

Alimweleza yote kuhusu mwanawe na ufunguo. Binti akalishika daftari kifuani.

"Babu, kwa nini hukuniuliza kabla ya kukubali?"

"Kwa sababu nina kichwa kigumu. Andika na hilo."

Hakucheka safari hii. "Daftari ni langu, lakini maisha ni yako," alisema. "Ukisema hapa nisisome, sisomi. Lakini sitasoma kitu ambacho sikukiandika. Hilo siwezi. Na Jumatatu kazi yote inaenda kwa mwalimu."

"Ile ya kunyamaza uliandikaje?"

Akafungua. "'Desturi ya mafundi vioo. Kabla ya kukata, fundi hutaja kipimo kwa sauti, kisha hunyamaza kwa pumzi nne. Huu ni mwiko wa kazi, hurithishwa kutoka fundi kwa fundi.' Ndiyo sura yangu kubwa, babu. Nimeiandikia kurasa sita."

Kurasa sita. Mtoto wa watu atasimama mbele ya mwalimu wake na kurasa sita za uongo.

"Binti," alianza, "ile..."

Kivuli kikaingia mlangoni. Mwana alikuwa amewahi. Akaamkia, akaweka kitu juu ya blanketi la meza. Kilikuwa kufuli jipya, bado limo kwenye karatasi yake.

"Umejiandaa," fundi alisema.

"Nimejiandaa kwa lolote, baba." Akamgeukia binti. "Dada, shikamana na ulichoandika tu. Usiogope mtu."

Binti akakaa kwenye kigoda. Fundi akasimama upande wa dirisha. Mwana akabaki katikati, mikono kifuani, kama yuko wodini anasubiri majibu ya vipimo.

Binti alianza na mambo mepesi. Alisoma jinsi fundi anavyopanga vipande kwa unene, jinsi anavyochovya kikatio kwenye mafuta ya taa, jinsi anavyompa mteja mgongo wakati wa kukata ili mteja asimsemeshe. Alisoma kuhusu waliovunjikiwa madirisha. "'Katika wiki tano wamekuja watu arobaini na watatu. Arobaini wamesema dirisha limevunjwa na upepo. Mmoja alikuja na mtoto aliyeshika mpira. Naye alisema ni upepo.'"

Mwana akacheka kwa pua. "Huyo mwenye mpira namfahamu."

"Sote tunamfahamu," fundi alisema. "Upepo wake una miaka tisa."

Kwa dakika moja ilionekana kama mambo yatapita hivyo. Kisha binti akageuza ukurasa, sauti yake ikapungua. Akamwangalia fundi. Fundi akaitikia kwa kichwa, soma. Angesema nini kingine?

"'Desturi ya mafundi vioo. Kabla ya kukata...'"

Alisoma mpaka kwenye zile pumzi nne. Mwana akainua mkono.

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Desturi gani?" mwana aliuliza polepole. "Mimi nimekulia chini ya meza hii. Nimejifunzia kutembea kwa kushika miguu yake. Hakuna desturi kama hiyo. Ile ilikuwa kazi ya mama. Nani amekuambia ni ya mafundi wote?"

Kalamu ilimponyoka binti ikabingirika chini ya meza, na hakuna aliyeinama kuiokota.

"Mimi," fundi alisema. "Nilimdanganya."

"Babu!"

"Nilikudanganya, mwanangu. Nisamehe. Uliniuliza siku mbaya. Siku zote zilikuwa mbaya." Akageuka kwa mwanawe. "Namtajia yeye. Ndiyo. Umesikia, sasa umeelewa."

"Na anakujibu?"

"Usinifanye mwehu. Hajibu. Najua alipo, tulimpeleka makaburini mimi na wewe, wewe ulibeba upande wa kushoto. Hajibu hata siku moja."

"Sasa unangoja nini?"

Fundi akageukia dirisha.

"Sijui kukata bila kungoja," alisema.

Mwana akaangalia sakafu. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo ndilo lililomwogopesha fundi zaidi. Hasira angeweza kushindana nayo. "Baba, nipe ufunguo. Tafadhali. Mtu anayemngoja marehemu hawezi kushika kioo. Hapo ndipo unapojikata. Huo mkono si wa ufagio, mimi si mtoto."

Akanyoosha kiganja. Fundi akaingiza mkono mfukoni. Ahadi ni ahadi. Vidole vyake vikaugusa ufunguo.

"Kaka, sijamaliza," binti alisema.

"Inatosha, dada."

"Haitoshi. Umesema nishikamane na nilichoandika. Kuhusu mkono nimeandika."

Fundi akageuka kama aliyepigwa. "Nilikuambia usiandike hilo!"

"Uliniambia, babu. Nimeandika pia kwamba uliniambia." Macho yake yalikuwa yamejaa maji lakini hakuacha. "Ukisema nisisome, sisomi. Lakini sikiliza mimi nilichoona, maana wewe hukuwa umekaa hapa nilipokaa mimi. Nisome?"

Nje pikipiki ilipita. Fundi alimwangalia binti huyu ambaye yeye fundi alimdanganya, na ambaye angeweza kabisa kufunga daftari lake akaenda zake.

"Soma," alisema.

"'Jumatano. Mteja yuko nje juu ya pikipiki, anapiga honi, anasema yuko mbioni. Fundi amepima. Leo hakutaja namba. Hakunyamaza. Amekata hapohapo. Mstari umeyumba, kioo kimepasuka njia yake, kimemchana kiganja chini ya kidole gumba. Ameniomba nisiandike.'"

Akafungua nyuma zaidi, anatafuta kwa kidole.

"Na hii, wiki ya tatu. 'Fundi ametaja namba. Amenyamaza. Kisha ameweka kikatio chini bila kukata, amepima tena. Alikuwa amekosea kwa sentimita mbili.' Kaka, mimi nimeona vioo mia moja na kumi na viwili vikikatwa. Mia na kumi na kimoja alitaja akangoja. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomkata. Kilichomkata ni kile ambacho hakungoja."

Mwana aliuchukua mkono wa baba, akafungua kitambaa pale pale, akalitazama jeraha kwa macho ya kazi. Lilikuwa linafunga.

"Nani alikusafishia?"

"Yeye," fundi alisema.

"Ulisema ulikuwa unafagia."

"Nilikudanganya na wewe. Siwezi kudanganya mgeni nikamwacha wa nyumbani."

Mdomo wa mwana ulitaka kucheka, akauzuia. Akafunga kitambaa upya, vizuri kuliko kilivyokuwa. Kisha akaangalia nyuma ya chumba, kwenye vile vioo vikubwa viwili.

"Hivyo hubebwa na watu wawili. Nani alivishusha na nani anavisogeza?"

Binti akafunga daftari. Alilifunga kwa vidole vyote, na fundi akajua kwamba huo ndio ukurasa ambao alikuwa tayari kuuruka bila kuombwa. Lile jambo la tatu. Angenyamaza tu, lingepita. Mwana alishalegea. Ufunguo ulikuwa bado mfukoni.

Fundi akavuta pumzi.

"Hiyo nayo soma, binti."

"Babu, si lazima."

"Soma. Sipendi kubaki na ufunguo wa wizi."

Akasoma kwa haraka, kama anayetaka limpite. "'Jumatatu, wiki ya nne. Nimefika saa nne. Nimemkuta fundi ukutani, kioo kikubwa kimemlalia begani. Alijaribu kukisogeza peke yake, kikateleza. Hawezi kukirudisha wala kukiachia. Anasema amekaa hivyo tangu saa tatu na nusu. Shati limelowa. Nimeshika upande wa pili, tumekirudisha. Amekaa chini muda mrefu. Ameniambia: mwenzangu ndiye alikuwa akishika upande ule.'"

Mwana alikaa juu ya ukingo wa meza. Kwa mara ya kwanza tangu aingie alionekana mtoto wa mtu.

"Nusu saa," alisema. "Nusu saa nzima umebeba kioo begani, na simu yangu iko wazi."

"Ningekupigia kwa mkono upi?"

"Baba!"

"Nakuuliza. Upi?"

Hapo wakacheka, wote wawili, cheko fupi baya, lililokatika katikati. Mwana akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Sikia," alisema. "Vidogo kata. Taja namba zako, ngoja unavyotaka, sitakuuliza tena unangoja nini. Lakini hivi viwili vinatoka leo. Na vikubwa vingine haviingii humu ndani tena."

"Bila vikubwa mimi si fundi. Nitabaki kukata vioo vya picha za harusi."

"Watu wanaoa kila siku."

"Madirisha ya maduka nimeweka mimi mtaa huu mzima."

"Najua, baba. Mliweka wawili."

Fundi akauma meno. Neno lile lilimwingia mahali ambapo hakuwa na kitambaa cha kufungia. Alitazama vile vioo. Vilisimama tu, safi, vinaonyesha chumba kizima na watu watatu ndani yake.

"Vinaenda wapi?"

"Ng'ambo ya barabara, kwa yule wa milango ya aluminiamu. Ana vijana wanne. Atavichukua."

"Anakata ovyo yule."

"Atakata ovyo na watu wanne, baba."

Fundi akavua koti, akalitundika. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Mwana akachukua kufuli kutoka mezani, akalirudisha mfukoni bila kulitazama.

Binti alikuwa bado kwenye kigoda, ameinamia zile kurasa zake sita.

"Babu, mwalimu amekataza kufuta. Nimwandikie nini pembeni?"

Fundi alifikiri huku anafunga kamba za viatu.

"Andika si desturi ya mafundi. Andika huyu fundi alikuwa na mke, walipima wote. Basi."

"Basi?"

"Ukiweka mengi utakosea tena."

Akaiokota kalamu chini ya meza, akaandika. Haikuchukua hata mistari mitatu. Akaitazama, akazitazama tena zile kurasa sita, akaziacha kama zilivyo.

Fundi akamsogeza mwanawe kwenye kioo cha kwanza. "Shika chini, si pembeni. Kiganja wazi. Mgongo usikunje, kunja magoti. Ukiona kinateleza, usikikimbilie kukidaka. Niambie mimi."

"Nimeelewa."

"Hujaelewa. Twende."

Wakakiinua. Kilikuwa kizito kuliko fundi alivyokumbuka. Mikono ya mwana ilitetemeka, kioo nacho kikatetemeka, na mwanga wa mlangoni ukarukaruka ukutani. Wakatoka hatua moja moja. Binti akatangulia barabarani, daftari kwapani, akainua mikono yote miwili. Gari moja likasimama. Pikipiki moja ikajifanya haioni, ikapita mbele yao, upepo wake ukakipiga kioo kikavuma.

"Simama," fundi alisema.

Walisimama katikati ya barabara. Jasho lilimshuka mwana machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta. Nyuma honi zilianza.

"Wanatupigia honi, baba."

"Wapige."

"Sasa?"

"Bado. Acha kwanza kitulie."

Fundi alihisi kioo kwenye viganja vyake, kile kibovu na kile kizima. Mtetemo ulipungua, ukapungua, ukaisha. Honi hazikuisha.

"Sasa," alisema.

Walifika ng'ambo. Vijana wa aluminiamu wakakipokea, wakakiegemeza ukutani. Mwana akainama, mikono magotini, anahema kama aliyekimbia. Fundi alikikagua kioo pembe zote nne kwa kidole. Hakikuwa na ufa.

"Kuna kingine," alisema, akageuka kuvuka barabara.